Inyamanza na Kipepeo wa Mlimau

Mwalimu wa Kiswahili aliwapa wanafunzi wake wiki tatu. Linganisha ndege mmoja na kipepeo mmoja wanaoonekana nyumbani kwenu. Uwatazame kwa macho yako mwenyewe, usinakili kitabuni. Binti yangu alinisomea agizo hilo akiwa amesimama mlangoni, begi bado mgongoni, viatu vya shule vimejaa vumbi jekundu la Batsinda, mtaa wetu wa Kigali. Kisha akaniangalia kama mtu anavyomwangalia fundi aliyekuja kupima dirisha, hajui bado kama atamwamini.

"Papa, si wewe ndiye unajua Kiswahili?"

Ni kweli, hicho ninacho. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, na Kiswahili nilikiokota uani kabla sijatambua kwamba mama akiongea nasi usiku anatumia lugha nyingine. Nilimaliza sekondari nikiwa tayari nimerudi huku, nikajifunza kazi ya kumalizia samani, yaani msasa, rangi na vanishi, halafu nikaanza kuzurura nayo. Mwanza, Bukoba, Goma, Kampala, tena Mwanza. Kazi hiyo inabebeka. Brashi sita ndani ya kitambaa, na mikono.

Kisichobebeka ni mtoto. Binti huyu ana miaka kumi na mitatu, na nikijumlisha vipande vyote vya muda nilivyokaa naye chini ya paa moja, haifiki minne. Mama yake tuliachana mapema, akaolewa upande wa Kampala. Aliyemlea ni dada yangu, katika nyumba yake ndogo ya Batsinda yenye vyumba viwili na ukumbi, na mimi nikawa mtu wa kuja na kuondoka. Safari hii nilikuwa nimetimiza miezi kumi na minne bila kuvuka mpaka wowote. Kila mtu nyumbani alikuwa anaihesabu hiyo miezi na hakuna aliyeitaja. Binti alikuwa ameanza kunipa nguo zake za shule nimshonee kifungo, jambo ambalo zamani alimpa shangazi yake tu. Nililijua hilo, na nilijua pia kwamba nikiondoka tena hatanipa kifungo kingine.

Ndege hakuhangaika kumchagua. "Inyamanza," alisema, na ndivyo angesema karibu kila mtoto wa darasa lile. Kwa asiyemjua: ni ndege mdogo mweusi kwa mweupe, ana ukanda mweusi kifuani, na mkia mrefu anaoupandisha na kuushusha mchana kutwa. Harukiruki kama shomoro. Anatembea, mguu mbele ya mguu, kama mwenye nyumba anayekagua uwanja wake. Utamkuta juu ya mabati, kwenye maji ya kuoshea magari, mlangoni pa jiko. Hakuna anayempiga jiwe. Mama yangu alikuwa akisema kwamba zamani watu wakitafuta mahali pa kujenga, inyamanza akitua pale walifurahi, wakaona kiwanja kimekubali.

"Na kipepeo?"

"Yeyote, Papa. Vipepeo ni sawa tu."

Sijui kwa nini neno hilo lilinichoma. Nilimshika mkono tukaenda nyuma ya nyumba, ambako dada yangu amepanda mlimau ndani ya ndoo kubwa ya rangi. Majani yake anayachemsha mtu akikohoa. Nilikuwa nimemwona mara nyingi kipepeo anayeuzungukia mti ule: mkubwa kama kiganja cha mtoto, mweusi, amerashiwa manjano, na ana doa jekundu kwenye bawa la nyuma kama jicho lililokosa usingizi. Nilimpenda kwa tabia moja. Vipepeo wengine wakitua kwenye ua hufunga mabawa wakanywa kwa raha. Huyu hatui sawasawa. Hata akiwa anakunywa, mabawa yanaendelea kutetemeka, kama mtu anayekunywa chai huku amesimama na mfuko begani.

Siku ile kipepeo hakuwepo. Nilimwonyesha kitu kilicholala juu ya jani.

"Hiki nini?"

Akainama. "Mavi ya ndege."

"Kiguse."

"Papa!"

"Kiguse tu, kwa kijiti."

Alikigusa, na yale mavi yakatikisa kichwa, yakatoa pembe mbili nyekundu, laini, zenye harufu ya limau lililooza. Aliruka nyuma, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Kinajifanya mavi! Ili ndege asile!"

"Nani anataja mavi wakati mimi napika?" dada yangu aliuliza kutoka jikoni. Alitoka na kandambili mkononi, maana alijua tulikuwa wapi. "Hao tena? Wamenimalizia mti. Jana nimekanyaga watano."

"Mmoja tu, tante," binti akamwomba. Ndivyo watoto wa Kigali wanavyowaita mashangazi zao. "Huyu mmoja. Ni wa shule."

"Shule yenu siku hizi inafuga wadudu?"

"Tunalinganisha."

"Linganisheni. Lakini akiniachia vijiti vitupu, wewe ndiye utachemshwa mtu akikohoa."

Basi kiwavi mmoja, mtoto wa kipepeo yule, akapona. Binti akafungua daftari, akachora mistari, akaandika siku ya kwanza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tulipokwisha kufyeka kando ya barabara na mkutano wa mtaa kuvunjika, nilimpeleka Gisozi kwa miguu. Mimi nafanya kazi pale Agakiriro, kwenye karakana za mbao, na nilikuwa na inyamanza wa kumwonyesha. Njiani alitembea upesi kuliko nilivyotarajia. Nilifurahi kuona hivyo, halafu nikajikuta naogopa: miguu ile ni yangu.

Ndege alikuwa amejenga ndani ya rundo la mbao la mzee mmoja muuza mbao, katika pengo kati ya mbao mbili, chini ya turubai. Misumeno inalia hatua tano kutoka hapo, maranda yanaruka, watu wanapiga kelele, na yeye anaingia na kutoka na mdomo umejaa mbu. Tulipofika mteja mmoja alikuwa anabishana na mzee.

"Nataka hizi za juu. Zimekauka."

"Chukua upande ule."

"Upande ule zimepinda, muzehe. Kwani huku pamekodishwa?"

"Pamekodishwa. Mwenyewe yule pale juu ya bati, muulize."

Mteja akatazama juu, akamwona inyamanza anatikisa mkia, akaguna. "Atahama lini?"

"Watoto wakiruka. Mimi nimeacha kugusa upande huu wiki ya pili sasa, na wewe siku moja inakushinda?"

Yule mtu akacheka, akachukua zilizopinda. Hakuna aliyeshangaa. Pale Gisozi fundi atakuuzia kabati lenye ufa akaapa ni mchoro wa mti, lakini kiota cha inyamanza hakigusi.

Binti alikaa juu ya gogo na daftari lake zaidi ya saa nzima. Mimi nilienda nikarudi, nikaenda nikarudi. Siwezi kukaa. Niliporudi mara ya tatu alinionyesha alichoandika: ndege wawili wanaleta chakula, mmoja akitoka mwingine anaingia, mwenye rangi nyeusi sana labda ni baba.

"Umejuaje ni baba?"

"Nimekisia." Hakuniangalia. "Lakini wote wanaleta."

Niliangalia mkanda wa mashine ukizunguka.

Ni siku hiyohiyo Mkenya mmoja alinikuta. Ni mwenye kandarasi, aliona milango niliyoimalizia kwenye nyumba moja kubwa ya Nyarutarama akaulizia mikono ya nani. Tulisimama pembeni, binti akiwa bado kwenye gogo lake, si mbali na sauti zetu.

"Fundi, niko na hoteli Mbarara. Milango sitini, vitanda, kaunta, kila kitu. Miezi minne, labda tano. Gari inatoka Jumatatu, si hii, ile ingine, asubuhi na mapema. Unaonaje?"

"Nitakuambia."

"Usikae nayo sana."

Nilisema nitamwambia, lakini kuna mahali nyuma ya magoti ambapo nilikuwa nimeshajibu. Watu wasiozurura hawapajui hapo. Panaanza kuwasha. Ukilala unawaza chumba usichokijua, dirisha lisilo lako, chai ya kwanza asubuhi katika mji ambao hakuna anayekuita kwa jina. Unakumbuka Bukoba mvua inapoanzia ziwani, unakumbuka mama muuza uji wa Mwanza aliyekuwa anakudhani Mhaya, na kila ulichokichukia ulipokuwa huko kinarudi kimepakwa vanishi. Mbarara sijawahi kuishi. Hilo tu lilitosha.

Sikumwambia mtu. Nilianza kurekebisha nyumba.

Hii ni tabia yangu, na nilidhani ni siri. Kila ninapotaka kuondoka naanza kuziba, kukaza, kupaka. Jumatatu jioni nilitia mafuta bawaba za mlango wa jikoni. Jumanne nikabadilisha komeo la choo. Jumatano nilikuwa juu ya kiti mlangoni pa ukumbi napigilia bati lililolegea, dada yangu akasimama chini mikono kiunoni.

"Kaka, bati hilo limepiga kelele tangu mwaka juzi. Leo ndiyo umelisikia?"

"Lingeruka na upepo."

"Unaenda wapi?"

"Nani kasema naenda?"

"Ulipotengeneza meza hii ulienda Goma. Ulipopaka huu ukuta ulienda Kampala. Nyumba yangu nzuri sana, kaka, kwa sababu wewe hukai." Akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Mezani, nyuma yake, binti alikuwa anaandika. Kalamu ilisimama. Kisha ikaendelea, polepole.

Jioni ile aliniuliza swali ambalo mwalimu hakuuliza.

"Papa, nani bora? Inyamanza au yule wa mlimau?"

"Hapo mnalinganisha tu. Hakuna bora."

"Mimi ndiye nauliza."

Nilijitetea. Nasema nilijitetea kwa sababu sasa naona hivyo. Wakati ule nilidhani nazungumza habari za wadudu. Nilimweleza kwamba kipepeo yule hatagi ovyo. Nilishamtazama: anapita juu ya mpapai, anapita juu ya maharage ya jirani, anapita juu ya maua mazuri kabisa, hata hasimami. Akifika kwenye mlimau anapiga jani kwa miguu kama anayeonja chumvi, analikataa, anaonja jingine, mpaka apate jani changa ambalo mtoto ataweza kulitafuna. Hapo anaacha yai moja. Moja tu, si rundo. Halafu jani jingine, yai jingine.

"Inyamanza hachagui chakula kwa akili hiyo," nilisema. "Anaokota chochote. Huyu anajua mapema mtoto atahitaji nini."

"Halafu?"

"Halafu anaenda."

"Anarudi kuangalia?"

"Hapana. Hana muda. Anaishi wiki chache tu."

"Basi hajui kama mtoto alikula."

"Hawezi kujua."

"Tante alikanyaga watano." Alisema bila hasira, kama anayesoma hesabu. "Yeye yuko wapi saa hizo? Yuko kwenye maua ya mtu."

Nilitoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Mbingu ilikuwa safi.

Kiwavi alikuwa amekua, amegeuka kutoka mavi kuwa kijani, mnene kama kidole kidogo. Alhamisi hakuwepo kwenye mti. Nilitafuta chini ya kila jani. Nilimwambia binti, kwa huruma ya kweli, labda inyamanza amemla, na hilo pia aliandike, kwamba kati ya hawa wawili mmoja huwala watoto wa mwenzake. Alijibu, "Labda," akaendelea kufunga viatu. Mtoto aliyemwombea kiwavi huyo kwa shangazi yake, leo anasema labda. Ningekuwa mtu anayetazama vizuri, ningeuliza.

Jumamosi nilibakiwa na kitu kimoja: kiti cha mama. Ni kiti cha mikono, cha mvule, marehemu mama alisafiri nacho kutoka Bujumbura juu ya lori, na sasa kinakaa barazani nyuma, hatua chache kutoka kwenye mlimau. Rangi yake ilikuwa imekufa. Binti na dada yangu walikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikikung'uta vumbi, nikapiga msasa mikono, mgongo na miguu, nikafungua kopo la vanishi.

Mzee niliyemfanyia kazi Mwanza alikuwa na sheria moja aliyoisema kila siku mpaka tukamwigiza: paka chini. Mteja haoni chini, akasema, lakini maji yanaona. Chini hakuhitaji msasa wala urembo, pitisha brashi tu, mbao isinywe unyevu. Mafundi wavivu wanaacha chini mbao tupu. Mimi siachi. Katika maisha yangu nimeacha vitu vingi nusu, lakini sijawahi kuacha upande wa chini wa kiti. Nilikilaza kiti ubavuni, nikapitisha brashi chini ya kiti, chini ya mikono, kwenye pembe. Akili yangu ilikuwa Mbarara. Nilikuwa nachagua brashi za kubeba, nawaza kama hoteli itataka rangi ya kung'aa au ya kufifia. Chini ya mkono wa kulia brashi iliruka kidogo juu ya kitu, kifundo au kijiti kilichoshikana na mbao, rangi ileile ya kahawia. Nikarudia pale mara mbili ili vanishi iingie vizuri.

Walirudi saa kumi. Harufu ilikuwa imejaa uani. Binti alipita moja kwa moja kwenda kwenye kiti, akapiga magoti, akachungulia chini ya mkono wa kulia.

"Papa, umepaka na huku chini?"

"Ndiyo." Nilijivuna, Mungu anisamehe. "Chini ndiko maji yanapoingilia."

Alibaki amepiga magoti. Nilipoinama karibu yake nikakiona kwa mara ya kwanza: si kifundo, si kijiti, bali ganda la kiwavi aliyejifungia ageuke kipepeo. Kilikuwa kimening'inia kwa uzi mwembamba uliopita mgongoni kama mkanda wa fundi anayepanda mnazi, kichwa kimeinuka kidogo, na mwili wote ulikuwa unang'aa. Vanishi yangu ilikuwa imekifunika sawasawa, bila mapovu, bila tone lililochuruzika. Ilikuwa kazi safi. Aliniletea daftari. Pupa, siku ya kwanza, chini ya kiti cha nyanya, imekuwa kahawia kama mbao. Siku ya pili, siku ya tatu. Aliichora vizuri, na mishale.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilifikiri hutakuwepo itakapofunguka."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu mpango wake, jinsi alivyopanga mambo yake bila mimi, kama mtu anayepanga safari bila kuhesabu gari ambalo huwa haliji.

Niliingia ndani nikatafuta wembe. Nilifikiria tina, ile ya kuyeyushia vanishi, lakini ingemuua palepale. Nilifikiria kukwangua kwa ncha ya sindano, nikanyoosha mkono. Dada yangu akanishika kiwiko.

"Kaka, usiguse tena. Umeshagusa."

"Atatoka?" binti akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Mtu anayeondoka Jumatatu anaweza kusema ndiyo kwa urahisi sana. Majibu yatakuja akiwa hayupo.

"Sidhani," nilisema. "Nadhani nimemuua."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga.

Jumapili baada ya misa simu ya Mkenya iliita nikiwa bado nimevaa shati la kanisani. Nilienda kusimama kando ya ua wa jirani.

"Fundi, hujasema la, nimekuhesabu. Kesho saa kumi na mbili kamili. Beba koti, Mbarara asubuhi kuna baridi."

"Tafuta mtu mwingine."

"Kwani ni nini? Umeoa?"

"Hapana. Nimeharibu kazi ya mtu hapa."

"Ya nani?"

"Ya binti yangu."

"Vanishi imekataa kushika?"

"Imeshika vizuri mno."

Hakuelewa, na simlaumu. Alisema ana kijana mwingine wa Gisozi anayeweza, si mzuri kama mimi lakini yuko tayari, na nikasikia wivu ukinipanda juu ya kijana nisiyemjua, ambaye kesho angeona mto na vilima ambavyo mimi sikuvijua. Nilikata simu nikasubiri nafuu ije. Watu husema ukiamua jambo jema moyo unatulia. Wangu haukutulia hata kidogo.

Jumatatu niliamka kabla ya adhana. Kutoka Batsinda unasikia malori yakipanda kuelekea Gatuna, yanabadilisha gia kwenye mlima, na kila moja nililisindikiza kichwani mpaka mpakani. Binti alikunywa uji, akachukua begi, akaondoka bila kuniaga, kama afanyavyo siku ambazo anajua hatanikuta. Nilienda Gisozi, sikufanya kitu cha maana. Nilipitia kwenye rundo la mbao. Kiota kilikuwa kitupu. Nilidhani wamehama wote, kumbe walikuwa chini, kwenye maranda: kinda mmoja wa kijivu, mkia mfupi, anatembea nyuma ya mkubwa na kupiga kelele, na yule mkubwa anageuka kila baada ya hatua chache kumtia kitu mdomoni. Anaweza kuruka sasa, lakini bado anafuatwa. Nilisimama pale mpaka mzee wa mbao akaniuliza kama nimekuja kununua au kusali.

Binti alirudi kutoka shuleni saa kumi na moja kasoro. Alinikuta mezani, akasimama mlangoni.

"Gari liliharibika?"

"Hapana. Nilikataa."

"Kwa sababu ya kipepeo?"

"Kwa sababu yako."

Aliweka begi chini. Hakunikumbatia, hana mazoea hayo na mimi. Alifungua daftari, akasema insha inatakiwa Ijumaa, nisikilize kama Kiswahili kimekaa vizuri. Akasoma akiwa amesimama, kwa sauti ya darasani. Alianza na rangi, akaja mwendo, akaja chakula, yote aliyoyaona kwa macho yake. Mwishoni aliandika hivi: "Inyamanza hukaa na kipepeo wa mlimau hupita. Baba yangu anasema kipepeo huyu huchagua jani kwa akili. Ni kweli, kwa sababu kiwavi wangu alikula majani mazuri akanenepa. Lakini alipomaliza kula alishuka kwenye mti peke yake, akatafuta mahali peke yake, akapachagua vibaya. Kama mkubwa angekuwepo angemwambia, hapo ni kiti, watu wanakitumia."

"Kiko sawa?" akauliza.

"Kiko sawa."

"Hakuna kosa?"

"Makosa mawili madogo. Tutayaona baadaye."

Akakaa upande wa pili wa meza. Dada yangu jikoni alikuwa ameacha kukoroga. Nilisikia kimya cha mwiko.

"Sasa utakaa mpaka lini?"

"Sijui, mama." Namwita mama, kama mababa wengi huku wanavyowaita binti zao. "Siwezi kukudanganya. Najijua. Kazi nyingine itakuja, na nitaitaka. Leo asubuhi niliitaka. Siwezi kukuahidi milele."

"Sijakuomba milele." Alifikiri, akikuna jalada la daftari kwa ukucha. "Ukitaka kwenda, niambie mimi. Mimi kwanza, kabla ya tante."

"Sawa."

"Si siku moja kabla."

"Wiki mbili kabla."

"Papa. Mwezi."

"Kazi hazisubiri mwezi. Mtu anapiga simu, gari linaondoka."

"Basi hizo ambazo hazisubiri usiende."

Kutoka jikoni dada yangu akasema, "Amekushika, kaka," na mwiko ukaanza tena.

"Mwezi," nilisema.

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Wewe kwanza."

Akaitikia kwa kichwa. Nilisikia mikataba yote niliyowahi kusaini ilikuwa myepesi kuliko huo. Magoti yaliwasha. Lori moja lilikuwa linapanda mlima, gia ikilia, na nikagundua nimeshasimama bila kujua. Nilimwambia natoka kidogo, nitembee mpaka barabarani na kurudi.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Ishirini."

Aliangalia saa ya ukutani, akavuta daftari karibu, akaiandika. "Nenda," alisema.